Je, ubongo wa mzee huzaa seli mpya? (Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye hipokampasi, kipande kidogo kilichojificha ndani ya ubongo, kimoja kulia na kimoja kushoto, karibu na usawa wa masikio. Hapo ndipo habari mpya hugeuzwa kuwa kumbukumbu. Swali lililobaki ni hili: seli zake zikifa, nyingine huzaliwa?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa hapana. Santiago Ramón y Cajal, bingwa wa Hispania aliyeuchora ubongo kuliko yeyote wa zama zake, aliandika mwaka 1913 kwamba kwa mtu mzima hakuna seli ya neva inayozaliwa upya. Joseph Altman alipoonyesha kinyume chake kwa panya, miaka ya 1960, wenzake hawakumjali. Mwaka 1998 Peter Eriksson na Fred Gage wakazikuta seli hizo kwa binadamu, wagonjwa wa saratani wa Sweden waliochunguzwa baada ya kufariki.

Lakini ushahidi unaonigusa zaidi ni wa mwaka 2013, kutoka Stockholm, na unatuhusu hata sisi wa Upareni. Mataifa makubwa yalipolipua mabomu ya nyuklia hewani, hadi mkataba wa mwaka 1963 ulipoyazuia mengi, kiwango cha kaboni 14 angani kiliongezeka mno. Upepo uliisambaza dunia nzima. Mahindi yakaivuta, maharage yakaivuta, na mtoto aliyekula makande kule Mbaga miaka hiyo akaiingiza mwilini. Kila seli inapozaliwa, vinasaba vyake hubaki na kiwango cha kaboni hiyo kilichokuwepo wakati huo, na kwa kuwa kiwango kimekuwa kikishuka mwaka hadi mwaka, mwanasayansi anaweza kukadiria umri wa seli. Kirsty Spalding, Jonas Frisén na wenzao walipoipima hipokampasi ya marehemu, walikuta seli changa kuliko mwenye ubongo. Wakakadiria kuwa kila upande hupata seli mpya 700 hivi kwa siku.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2018 kundi la California lilisema halikuona seli changa kwa watu wazima. Mwaka uliofuata kundi la Madrid likaziona kwa maelfu, hata kwa watu wa miaka zaidi ya 80, na chache zaidi kwa wenye ugonjwa wa Alzheimer. Mimi naona ushahidi unaelemea upande wa ndiyo. Hata hivyo, hakuna kidonge, unga wala mafuta yaliyothibitishwa kuzaa seli za ubongo wa binadamu, na yeyote anayekuuzia chupa gulioni kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Kinachojulikana vizuri ni cha panya. Katika utafiti wa mwaka 1999, waliopewa gurudumu la kukimbilia walikuwa na seli mpya karibu mara mbili ya wasiokimbia. Mwaka huohuo Elizabeth Gould na wenzake walionyesha kwamba nyingi ya seli hizo hufa katika wiki chache mnyama asipopewa jambo la kujifunza. Mche uliopandwa ukakosa maji huishia hivyohivyo. Kwa binadamu, utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 uliwachukua wazee 120: waliotembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja, hipokampasi yao iliongezeka kwa asilimia 2 hivi, ilhali ya wenzao waliojinyoosha viungo tu ilipungua. Kuongezeka huko si lazima kuwe kwa seli mpya. Huenda ni mishipa ya damu au matawi ya seli za zamani. Ila kumbukumbu ya mahali vitu vilipo nayo iliboreka.

Sasa tuje kwetu. Mzee wa Bangalala anayepanda hadi kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia, kufungulia maji yaliyokusanywa usiku hufanya mambo mawili kwa pamoja. Miguu inapanda mlima, na kichwa kinashika zamu: nani alimwagilia jana, nani anadai. Vijana wakimwambia, "Babu, pumzika, tutakwenda sisi," wanamtakia heri, lakini wanamnyang'anya yote mawili. Bodaboda inayompandisha Vudee kila mara nayo inampunguzia mwendo.

Akianza kusahau njia ya nyumbani, tusimtafute mchawi. Katika Wilaya ya Hai, mkoani kwetu Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea mwaka 2010 na kukadiria kuwa zaidi ya 6 katika kila 100 walikuwa na demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kipimo kilichobuniwa baadaye hakihitaji kalamu, kwa kuwa wengi hawakusoma. Mzee anasomewa maneno ayakumbuke baada ya muda, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, kisha anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa. Baadaye wenye demensia walikutanishwa katika vikundi, mara mbili kwa wiki kwa wiki saba, kwa mazungumzo, michezo na kukumbushana mambo. Hawakupona, lakini uwezo wao wa kufikiri ulipanda.

Wiki ijayo: shinikizo la damu, na namna linavyoharibu mishipa myembamba inayolisha hipokampasi miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau.