Bega Likiuma, Usilifunge Tu na Kungoja

Mwezi huu tuzungumze juu ya bega. Sisi walimu wa kujitolea tumechagua jambo hili kwa sababu linafika mpaka darasani. Mama akishindwa kuinua mkono, jerikeni inahamia kwa binti yake, na binti anachelewa shule au haji kabisa.

Kwa nini bega?

Huku Hamukungu, kando ya Ziwa George, kazi nyingi ni za mabega. Wavuvi wanapiga kasia na kuvuta nyavu. Kule Katwe watu wanabeba chumvi. Wanaolima vibarua wanainua jembe kutwa. Nyumbani kuna maji na kuni, na jerikeni ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20 na zaidi.

Bega linazunguka kuliko kiungo kingine chochote mwilini. Mfupa wa mkono umekaa kama mpira juu ya kisahani, na kinachoushikilia zaidi ni misuli na kano. Ndiyo maana huumia upesi.

Matatizo yanayoonekana sana

*Kano kuumia.* Maumivu yanakuja ukiinua mkono juu, na usiku ukilalia upande ule.

*Bega kuganda.* Linaanza kwa maumivu, halafu mkono unakataa kwenda. Kusuka nywele au kufunga mtoto mgongoni inashindikana. Linawapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, sana sana wanawake, na wenye ugonjwa wa kisukari. Linaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu.

*Bega kuteguka.* Mtu ameanguka na bodaboda, mfupa umetoka mahali pake. Asiuvute mtu yeyote pale njiani, maana mshipa unaweza kuumia. Tegemeza mkono kwa kitenge, mfike hospitali siku ileile.

Fiziotherapia inasaidiaje?

Wengi wetu bega likiuma tunalifunga wiki nyingi, au tunachanjwa chale kisha tunangoja. Wembe wa chale unaweza kuleta vidudu, na bega lisilotembezwa linakakamaa. Mtaalamu wa fiziotherapia anapima mkono unafika wapi, misuli gani imelegea, kisha anakupa mazoezi ya kuongeza kidogo kidogo. Kama hukuanguka wala kuumia ghafla, unaweza kuanza na haya, mara mbili kwa siku:

1. Inama, shika meza kwa mkono mzima. Acha mkono unaouma uning'inie, uzungushe duara dogo mara 10 kila upande.
2. Simama ukitazama ukuta. Pandisha vidole ukutani polepole mpaka usikie unavuta, kisha shusha. Mara 10.
3. Kaa wima, rudisha mabega nyuma, hesabu mpaka 5, legeza. Mara 10.

Kuvuta kidogo si kitu. Lakini kama maumivu ni makali, au kesho yake yamezidi, punguza.

Usingoje kama:

- maumivu ya bega au mkono yamekuja pamoja na kifua kubana, jasho au pumzi kukata: huenda ni moyo;
- bega limevimba, lina joto, na una homa;
- mkono umekufa ganzi, au hauinuki baada ya kuanguka.

Dalili hizi ni za kukimbilia hospitali. Kwa maumivu mengine yasiyopungua, anza na kituo cha afya, uombe barua ya rufaa. Hospitali za Bwera na Kagando ziko katika wilaya yetu ya Kasese. Uliza kwanza mtaalamu wa fiziotherapia anapatikana siku gani, usipoteze nauli bure.

Na nyumbani je?

Bega haliponi kama mzigo ni uleule. Beba lita 10 mara mbili kuliko 20 mara moja. Pumzika katikati ya kulima. Baba zetu na kaka zetu, kuchota maji si kazi ya wanawake peke yao. Mkigawana zile safari za maji, mama atapata nafasi ya kufanya mazoezi yake, na binti atafika shuleni kabla kengele haijalia.