Dutwa inasoma, ni nani anayeiandika?

Tarehe 30 Aprili 1993, kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, kilichoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kilitangaza kuwa programu za wavuti ni mali ya umma. Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi hapo, alitoa pendekezo la wavuti mwaka 1989 ili wanasayansi wabadilishane nyaraka hata kama kompyuta zao hazifanani. Tangu tangazo hilo, mtu yeyote angeweza kufungua tovuti yake bila kuomba ruhusa ya mvumbuzi wala kumlipa. Kwangu mimi uamuzi huo una uzito zaidi kuliko uvumbuzi wenyewe.

Sisi huku tulichelewa. Kwa miaka mingi intaneti ya Tanzania ilipitia setilaiti, ikawa ghali na ikabaki kwenye ofisi, vyuo na mikahawa ya mijini. Julai 2009 mkongo wa baharini wa Seacom ulianza kufanya kazi Dar es Salaam, EASSy ukafuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukaanza kuisambaza mikoani. Mtu wa Dutwa, wilayani Bariadi, akifungua ukurasa leo, anategemea nyaya zilizolala chini ya Bahari ya Hindi. Jambo hilo lilionekana wazi tarehe 12 Mei 2024: mikongo ya Seacom na EASSy iliharibika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchi nzima.

Hata hivyo, mapinduzi makubwa yaliyofika Dutwa hayakuhitaji intaneti. M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilianza Tanzania mwaka 2008, kabla mkongo haujafika. Mkulima wa pamba mwenye kitochi anabonyeza *150*00#, menyu inatokea, anachagua namba, anaandika kiasi, anaweka namba ya siri, na ada ya shule imeshamfikia mwanawe aliyeko Mwanza. Amri hiyo hupita kwenye njia za ishara za mtandao wa simu wa kawaida. Haihitaji bando wala simu janja, na ndiyo maana ilienea vijijini kwa kasi zaidi kuliko wavuti. Waliobuni huduma ile walianza na simu ambayo mwananchi tayari alikuwa nayo mfukoni. Wanaopanga miradi ya kidijitali wangeanza hapo.

Kijana mwenye simu janja naye anaijua intaneti kwa kupima megabaiti. Bando likiingia, anafungua WhatsApp, anatazama video, anasambaza alichotumiwa. Ni matumizi halali kabisa. Ila nusu ya pili ya zawadi ya mwaka 1993, yaani kuandika ukurasa wako mwenyewe, haijamfikia.

Dutwa yenyewe ni ushahidi. Kampuni ya Uingereza ya African Eagle Resources, iliyokuwa ikitafiti nikeli huko, ilitoa taarifa nyingi kwa Kiingereza kwa ajili ya wanahisa wake wa London. Vilima vya Wamangola na Ngasamo vikaingia kwenye wavuti kama akiba ya madini. Wanaolima pamba na kuchunga ng'ombe pembezoni mwa vilima hivyo wana maelezo mengine kuhusu ardhi hiyo: nani aliisafisha, maji yako wapi, makaburi ya wazee yako wapi. Maelezo hayo yanastahili kuandikwa na wenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, mahali ambapo mtu wa mbali anaweza kuyasoma.

Nchini kwetu kikwazo hakikuwa nyaya peke yake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu kulipa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Kile ambacho CERN ilikitoa bure kilifika kwa mwandishi wa kijijini kikiwa na bei ya ng'ombe kadhaa. Baadaye masharti yalilegezwa, lakini mazoea ya kuomba kibali kabla ya kuandika yamebaki.

Mwaka 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na kazi hiyo inastahili pongezi. Ninachoomba ni hatua inayofuata. Shule za sekondari ziwafundishe wanafunzi kutengeneza ukurasa, somo linalowezekana hata kwa kompyuta kuukuu isiyo na intaneti, na mwananchi anayeandika habari za kata yake asidaiwe leseni wala ada.