Kabla hujauza dawa ya kusafisha injini, uliza kwanza ni injini gani

Mimi nauza vitu vya magari hapa Lemara, fremu moja ndogo, ila sa hivi mauzo mengi yanatoka WhatsApp na Instagram. Leo naongelea chupa moja niliyouza 25,000, ikamrudisha mteja dukani.

Jamaa anaendesha Toyota Noah ya abiria. Akanitumia vois: gari ikisimama kwenye foleni inatetemeka, mara inazima, na mafuta inakunywa balaa. Nikajibu chap, kama tunavyojibu wengi tukiona hela: "Hiyo ni kaboni boss, kuna dawa unamimina kwenye tenki, inajisafisha yenyewe." Nikamtumia na boda. Tenki mbili zikaisha, hakuna kilichobadilika. Akaja mwenyewe. Hakupiga kelele, alisema tu, "Mdogo wangu, siku mbili sijapeleka hesabu kwa mwenye gari." Afadhali angenitukana.

Nikaenda naye kwa fundi jirani. Fundi akafungua boneti, akanionyesha maandishi juu ya injini: D-4. Noah nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina injini hiyo, 1AZ-FSE. Nozeli zake zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa hiyo petroli haipiti kabisa kwenye valvu za kuingizia hewa. Pale unapita mvuke wa oili na moshi unaorudishwa na EGR, vinagandana mpaka njia inakuwa nyembamba. Sasa dawa ya kwenye tenki itafikaje huko? Inaweza kusaidia nozeli, basi. Kwenye injini za kawaida, kama 1AZ-FE, petroli inapulizwa nyuma ya valvu, hapo dawa nzuri ina kazi ya kufanya. Herufi moja tu, S, ndiyo iliyoniumbua.

Kitu ambacho mteja anaweza kufanya mwenyewe nyumbani ni kusafisha throto, ule mdomo wa kuingizia hewa. Injini iwe imezimwa na imepoa, mahali pa wazi, pasiwe na jiko wala sigara, maana spreya inashika moto haraka. Chomoa terminali ya negativu ya betri. Legeza mpira mkubwa unaotoka kwenye eya klina, utaona kisahani kina weusi pembeni. Pulizia spreya kwenye kitambaa au mswaki wa zamani, futa taratibu. Usimwagie ndani, na kisahani cha umeme usikilazimishe na kidole. Sensa ya hewa usiiguse na spreya hiyo, ina ya kwake. Ukirudisha, gari inaweza kuunguruma juu kidogo mwanzoni, kompyuta inajipanga upya.

Valvu zenyewe ni kazi ya fundi, manifoldi lazima ifunguliwe. Na zile video za kumwagia maji kwenye mdomo wa hewa huku injini inanguruma, msizisambaze jamani. Maji hayabanwi kama hewa, yakiingia mengi yanakunja mkono wa pistoni. Hapo mteja hatafuti spreya tena, anatafuta injini.

Sa hivi kabla sijataja bei nauliza: gari gani, mwaka gani, nitumie picha ya juu ya injini. Wengine wananiona nina maswali mengi, wanahamia kwa mwingine. Sawa tu. Kwenye tangazo la dawa ya tenki nimeongeza mstari: "Haisafishi valvu za injini za D-4." Mauzo ya chupa hizo yameshuka, sitawadanganya, ila spreya na plagi zimepanda.

Yule wa Noah nilimrudishia 25,000 yake yote. Throto ilivyosafishwa gari ikatulia kiasi, na manifoldi ilivyofunguliwa Jumapili, ndani kulikuwa kama sufuria la kuni. Wiki iliyopita kaja kununua eya klina, hajaomba hata punguzo.