Mifereji ya Mchangani katika Mirihi

Hapa kwetu Issuna mvua kubwa ikichimba korongo mteremkoni, huacha lundo la mchanga na kokoto chini yake. Basi katika sayari ya Mirihi, picha zilizopigwa kutoka juu zimeonyesha mifereji katika vilima vya mchanga, mmoja wapata kilometa 2 na nusu, wala haina lundo mwishoni. Huishia shimoni tu. Wataalamu wengine walidhani ni kazi ya maji, na neno hilo si dogo, kwani penye maji huenda pakawa na uhai. Lakini lundo li wapi?

Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walitoa maelezo mengine. Majira ya baridi kule, hewa ya ukaa, iliyomo katika pumzi tuitoayo, huganda ikawa barafu. Jua likirudi, mabonge hukatika yakateleza. Tazameni tone la maji katika kikaango cha moto: hukimbia huku na huku, likichukuliwa na mvuke wake. Bonge nalo huchukuliwa hivyo, likisukuma mchanga kando. Likitua hugeuka hewa lote, likaacha shimo. Mabonge ya namna hiyo yalijaribiwa katika vilima vya mchanga vya Utah na California, yakateleza hata penye mteremko mdogo. Sisi twayaona maelezo haya kuwa na nguvu kuliko yale ya maji. Tena picha nyingine zina vitu vyeupe ndani ya mifereji, navyo hudhaniwa kuwa ndiyo mabonge yenyewe.