Tuzo na Kifungo: Sauti ya Dhiki Katika Madarasa Yetu

Miongoni mwa mambo ya kustaajabisha, na ya kusikitisha pia, katika historia ya fasihi yetu ya miongo iliyopita ni lile lililotukia mwaka 1974. Mwaka huo diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, ilitunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Mashairi ya diwani hiyo yalitungwa gerezani, na aliyeyatunga alifungwa wakati wa utawala wa Rais yule yule ambaye jina lake lilibebwa na tuzo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyowezekana, na athari iliyoiacha katika ufundishaji wetu.

Kwanza tuyakumbuke matukio yenyewe. Mwaka 1968 Abdilatif, mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa na umri wa miaka 22 na mfuasi wa chama cha upinzani cha Oginga Odinga, Kenya People's Union, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Alishtakiwa kwa uchochezi, akafungwa tangu mwaka 1969 hadi 1972, na sehemu kubwa ya kifungo hicho alitengwa peke yake. Mashairi aliyaandika kwa kujificha juu ya karatasi za chooni. Mwaka 1973 yalichapishwa Nairobi na Oxford University Press. Tuzo ilipotolewa, mshairi alikuwa amekwisha kuhamia Dar es Salaam.

Yawezekanaje mtu aadhibiwe kwa kunena, kisha asifiwe kwa kunena? Jibu moja ni kwamba waliohukumu hawakuwa wale wale: mahakama iliupima waraka kwa sheria, na waamuzi wa tuzo waliipima diwani kwa sanaa. Lakini jibu hilo halitoshi. Waraka ulikuwa nathari ya wazi, na swali lake lilisomeka tangu kwenye anwani. Mashairi yalitungwa kwa Kimvita, yakifuata ada ya mafumbo iliyojulikana Mombasa tangu enzi za Muyaka bin Haji. "Mnazi: Vuta N'kuvute", mathalani, ni malumbano ya ndugu wawili wagombeao mnazi, asiyetaka kuiona nchi humo ataona mnazi tu. Kwa maoni yetu, fumbo lilimpa mshairi hifadhi, na papo hapo likawapa wasomaji njia ya kumsifu bila ya kumsikia.

Njia hiyo sisi walimu tumeipita muda mrefu. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa akisomea shahada ya uzamili ng'ambo, alitakiwa siku moja alieleze shairi la "N'shishiyelo ni Lilo" mbele ya wanafunzi wenzake. Alieleza vina, mizani na vipande kwa ufasaha. Mwalimu akamwuliza: "Mtunzi alikuwa wapi alipolitunga?" Jibu alilijua, ila hakuwa amewahi kufikiri kwamba lilihusu maelezo yake. Ndivyo alivyofundishwa nyumbani, na ndivyo naye alivyokuwa amewafundisha wengine.

Na kumbe jibu limo katika sarufi yenyewe. Shishiye ni umbo la kale la hali timilifu, litokanalo na kitenzi shika, ambalo Kiswahili sanifu hakinalo tena. Tukisema nililoshika, msikilizaji hajui kama tungali tumeshika ama tumekwisha kuachilia. N'shishiyelo haiachi shaka hiyo: mkono ulishika, na hata sasa haujaachia. Kwa mtu aliyetiwa gerezani ili aachie, umbo hilo si pambo la lahaja. Ndiyo hoja yenyewe. Mwalimu anayelitaja kama Kimvita tu, kisha akaendelea kuhesabu mizani, ameipoteza maana pamoja na sarufi.

Hatusemi kwamba vina na mizani viachwe, kwani ndivyo vilivyoyabeba mashairi haya. Tunalopendekeza ni dogo. Kosa la uchochezi lilifutwa katika sheria za Kenya mwaka 1997. Hatuna tena udhuru wa kuogopa. Waraka wa mwaka 1968 na diwani ya mwaka 1973 visomwe katika darasa moja, kwa kuwa mwenye kunena ni mmoja. Aidha, mwanafunzi aelezwe tangu siku ya kwanza kwamba beti anazozihesabu ziliandikwa juu ya karatasi gani, na kwa nini.