Mto Colorado: Theluji inapopungua, nani apunguziwe maji?

Mto Colorado unapita maeneo makavu ya kusini-magharibi mwa Marekani, lakini maji yake mengi hutoka mbali, kwenye theluji ya Milima ya Rocky. Theluji hurundikana msimu wa baridi, kisha huyeyuka hasa kati ya Aprili na Julai. Hapo ndipo mto hujaa.

Colorado pia hutegemea mito mingine. Mto Green unaoanzia Wyoming, Gunnison na San Juan huuongezea maji kabla haujafika bwawa la Glen Canyon. Mto Gila wa Arizona nao huungana nao huko chini, ila maji yake karibu yote hutumika njiani.

Tatizo tunaloliona leo lilianza 1922, wawakilishi wa majimbo saba walipotia saini mkataba wa kugawana maji. Vipimo walivyotumia vilichukuliwa miaka ya neema, hivyo wakagawana maji mengi kuliko ambayo mto hutoa kwa kawaida.

Ongezeko la joto limezidisha pengo hilo. Udongo uliokauka hufyonza maji ya theluji kabla hayajafika mtoni. Agosti 2021, serikali ya Marekani ilitangaza kwa mara ya kwanza upungufu katika Ziwa Mead, na Arizona, Nevada na Mexico zikapunguziwa mgao.

Watu wapatao milioni 40 wanautegemea mto huu, na mara nyingi hukauka kabla ya kufika baharini. Ndiyo maana tunasema mazungumzo ya mgao yaanze na maji yaliyopo, si yale yaliyoandikwa 1922.