Shamiseni: ala ya Kijapani iliyolelewa na wasioona



Mwisho wa muhula tuliangalia darasani ile filamu ya katuni ya mwaka 2016 kuhusu Kubo, kijana wa Kijapani anayepiga ala yake na karatasi zikaamka kucheza. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hiyo ni banjo?" Mwenzake akasema hapana, ni gitaa lililokatika nyuzi. Niliahidi kujibu hapa.

Ile ni shamiseni. Jina lake ni maneno matatu yaliyoungana: *san* ni tatu, *mi* ni ladha, *sen* ni uzi. Ina urefu wa karibu mita moja. Chini kuna kisanduku cha mbao chenye pande nne, kilichowambwa ngozi mbele na nyuma kama ngoma. Kwa desturi ngozi hiyo ni ya paka au mbwa. Najua mtakunja uso. Darasani walipiga kelele mpaka mwalimu wa chumba cha pili akachungulia. Siku hizi wengine hutumia ngozi ya kiwandani au ya kangaruu. Nyuzi za jadi ni za hariri, na rangi yake ya njano ilitoka kwenye manjano, ile ile tunayotia kwenye mchuzi. Shingoni hakuna vyuma vya kuonyesha mahali pa kuweka kidole kama kwenye gitaa. Ukikosea kidogo tu, kila mtu anasikia.

Wapiga udi wetu wa taarabu hushika risha nyembamba. Mpiga shamiseni hushika *bachi*, kitu kikubwa kilichopanuka mwishoni kama mwiko, cha mbao, cha pembe ya ndovu au cha plastiki. Katika mitindo mingi bachi haiishii kwenye uzi, inashuka mpaka inagonga ngozi. Kwa hiyo unasikia uzi ukilia na ngoma ikipigwa kwa wakati mmoja. Aliyesema banjo hakuwa mbali.

Tena uzi ule mnene unaachwa uguse shingo kidogo upande wa juu, ili utoe mvumo kama wa nyuki. Wajapani huuita *sawari*, yaani kugusa. Mtu asiyejua atadhani ala ni mbovu, kumbe ndiyo raha yenyewe. Waliowahi kusikia marimba ya Wagogo, yanayozibwa vitundu kwa utando wa buibui ili yavume, wataelewa haraka.

Shamiseni haikuanzia Japani. Ilitoka China, ikafika visiwa vya Ryukyu, ambavyo leo tunaviita Okinawa, na huko bado wanapiga dada yake iliyofunikwa ngozi ya chatu. Katikati ya miaka ya 1500 wafanyabiashara wa baharini wakaileta Sakai, bandari iliyo karibu na Osaka. Chatu wakubwa hawakupatikana huko, ndipo ikatafutwa ngozi nyingine. Na waliopokea ala hii mpya walikuwa wanamuziki wasioona, waliozoea kupiga *biwa*, ala nyingine yenye nyuzi inayopigwa kwa bachi. Wakaichukua bachi yao wakaipigia shamiseni. Sauti ya leo ilizaliwa hapo.

Hapa ndipo mimi, kama muuguzi, nilipovutika. Zamani Japani mtu asiyeona hakuwa na kazi nyingi za kuchagua: kukanda watu mwili, kuchoma sindano za tiba, au muziki. Wanaume walikuwa na chama chao kilichotambuliwa na serikali, mpaka kikavunjwa mwaka 1871. Wanawake waliitwa *goze*. Mkoani Niigata walitembea kijiji kwa kijiji wakiwa wameshikana kwa mstari mmoja, shamiseni mgongoni, na wanavijiji wakawapa mahali pa kulala, wakasikiliza hadithi za kuimbwa usiku kucha. Kobayashi Haru, aliyezaliwa mwaka 1900, alipoteza macho akiwa mtoto mchanga. Alifunzwa tangu utotoni, na sehemu ya mafunzo ilikuwa kuimba nje wakati wa baridi kali ili sauti ikomae. Alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 105, mmoja wa goze wa mwisho kabisa.

Kaskazini zaidi, Tsugaru, kwenye theluji nyingi, kulikuwa na Takahashi Chikuzan, aliyezaliwa mwaka 1910. Akiwa mdogo sana aliugua surua, na surua ikamwachia mwanga kidogo tu. Nikiwa mwanafunzi wa uuguzi nyumbani nilimwona mtoto mmoja aliyeponea chupuchupu hivyo hivyo, na sijamsahau. Surua huharibu kioo cha jicho, hasa kwa mtoto asiyepata vitamini A ya kutosha. Chanjo ipo, wazazi wangu. Tazameni kadi za watoto leo, si kesho.

Chikuzan alijifunza kwa mwalimu asiyeona, akazunguka mlango kwa mlango akipiga ili apewe mchele au senti. Sasa fikirini: nje theluji, ndani watu wamefunga milango. Lazima upige kwa nguvu ili wakusikie. Shamiseni ya Tsugaru ina shingo nene na bachi inatwanga ngozi kweli kweli, kwa kasi, na mpigaji anabuni palepale. Muziki uliodharauliwa kama wa ombaomba ulikuja kupendwa. Alipofikia miaka ya sitini, vijana wa Tokyo walijazana kwenye ukumbi mdogo kumsikiliza. Alifariki mwaka 1998.

Si shamiseni yote ina kelele hivyo. Kwenye michezo ya kabuki hupigwa ya shingo nyembamba, sauti yake laini. Kwenye bunraku, michezo ya vikaragosi ya Osaka, mpigaji mmoja hukaa kando ya msimulizi mmoja. Msimulizi husema maneno ya vikaragosi wote, na uzi unamwonyesha apumue wapi, alie wapi. Binafsi hii ndiyo ninayoipenda, ingawa mume wangu anasema inamletea usingizi.

(Wazazi wa Mombasa watauliza kuhusu taishokoto ya kwenye taarabu. Nayo ilitoka Japani, lakini ni ala nyingine yenye vibonyezo, iliyobuniwa miaka ya 1910.)

Waliofundishana bila macho walifundishana kwa mdomo. Mpaka leo mwanafunzi huimba sauti za nyuzi kabla ya kuzipiga: *chin*, *ton*, *shan*, *ten*. Kila sauti inamwambia ni uzi gani na upigwe vipi. Tulijaribu darasani, kundi moja likisema *ton*, jingine *chin-chin*, tukicheka. Jumamosi ijayo nitaleta spika tusikilize vipande viwili, kimoja cha Tsugaru na kimoja cha bunraku. Watoto wafumbe macho na wanyooshe mkono kila wanaposikia bachi imegonga ngozi.

Mwalimu wenu wa kundi la kati